Mkurugenzi Aliyejizoeza Kufa

Mara ya kwanza Mkurugenzi kufa, nilikuwa bado mgeni kazini, na nilijua ni uongo kwa sababu alinitangazia mwenyewe huku anafyonza kichwa cha samaki aina ya sato. Tulikuwa kwa mama lishe pale Nyasho, karibu na duka letu. Alifuta vidole kwenye pindo la kitenge chake, akaniambia kwamba kuanzia Jumatatu yeye ni marehemu, simu yake itazimwa, na nisithubutu kumfuata nyumbani kwake Kamunyonge kumuuliza jambo lolote la kazi. Angefufuka Jumamosi.

Nikamuuliza anakufa kwa ugonjwa gani.

“Wewe Chuo, hawakuwafundishaga?” akasema. “Ugonjwa wa kampuni ya mtu mmoja.”

Chuo ndilo jina alilonipa siku aliyoona cheti changu cha usimamizi wa biashara. Jina langu halisi sidhani kama alilikumbuka.

Kampuni yenyewe ilikuwa ya maziwa. Wafugaji wa Butiama walileta maziwa kituoni asubuhi, yakapelekwa Bunda, kata ya Kabasa, kwenye tangi la kupoozea, kisha yakaja Musoma kuuzwa Nyasho. Nilimwambia mapema kwamba ukitazama ramani, njia hiyo ni ya kichaa. Akajibu kwamba tangi lilipatikana Bunda, halikupatikana kwenye ramani. Aliianzisha kazi hiyo peke yake na kila kitu alikijua yeye. Ukiuliza swali kwenye kituo chochote, hata kama ni ufunguo wa choo uko wapi, ulijibiwa: subiri Mkurugenzi aje. Sentensi hiyo aliichukia kuliko maziwa yenye maji.

Hofu yake ilikuwa na sababu. Tukipita Kabasa alipenda kutuonyesha uwanja wa mfanyabiashara mmoja aliyewahi kuwa na mabasi. Mzee huyo alikuwa na akili nyingi na zote aliziweka kichwani mwake. Alipofariki, ndugu waligawana mabasi kama wanavyogawana ng'ombe: huyu moja, yule moja, na wa mwisho akapata injini. Sasa kuku walikuwa wanatagia kwenye kiti cha dereva. Mkurugenzi alimwambia dereva wetu apunguze mwendo tuwaone vizuri hao kuku.

“Ile ndiyo bodi ya wakurugenzi,” alisema.

Basi akafa. Dereva aliwaeleza watu wa Butiama habari kamili: Mkurugenzi amejifanya amekufa, ni mazoezi, atarudi Jumamosi. Lakini mkuu wa kituo kile, Magesa, alikuwa mtu mzima mwenye adabu zake. Kwao habari ya msiba hailetwi uchi. Mfiwa huambiwa kwanza kwamba mgonjwa amezidiwa kidogo, kisha hupewa kiti, kisha maji, ndipo anaelewa mwenyewe. Magesa alipomsikia dereva akizungukazunguka na mambo ya mazoezi na Jumamosi, alielewa mwenyewe. Akafunga kituo, akavua kofia, akatuma watu.

Kesho yake gari la mizigo lilisimama mbele ya nyumba ya Kamunyonge, limejaa akina mama, unga, kuni na masufuria ya kuazima. Walishuka wakilia. Marehemu alikuwa barazani anachambua mchicha. Wengi walinyamaza palepale, ila mmoja aliendelea mpaka akamaliza, kwa maelezo kwamba alikuwa ameshaanza. Unga haukurudishwa. Tuliitwa sote, tukala ugali wa msiba wa Mkurugenzi, naye akaomba aongezewe.

Kilichomuudhi hakikuwa kuombolezewa. Hilo, nadhani, lilimfurahisha kuliko alivyokiri. Kilichomuudhi ni kwamba katika watu wote waliokuja, hakuna aliyejua maziwa ya asubuhi ile yamepokelewa na nani.

“Nikifa kweli mtalia, sawa,” alituambia huku anamega tonge. “Ng'ombe je, nao watafunga matiti?”

Maziwa yale yaliganda kwenye madumu, na Mkurugenzi husimulia kwamba hapo ndipo kampuni ilipopata wazo la kuuza maziwa mgando. Mimi niliviona vikombe vya plastiki vya mgando vimefungwa stoo kabla hajafa. Nilipomwambia hivyo, alisema hadithi nzuri haipimwi maji.

Hata hivyo wazo lilikuwa zuri. Maziwa mabichi kila jirani anauza. Mgando mzito, ule unaosimamisha kijiko, ungeweza kutupa wateja ambao jirani hawezi kutunyang'anya. Huo ukawa mkakati wetu wote, na aliutamka kwa maneno mawili: kijiko kisimame. Kila aliyetaka kubadilisha kitu kwenye kampuni aliulizwa kama jambo lake linasimamisha kijiko au linakilaza.

Mimi nilijitolea kuchora muundo wa kampuni. Nilichora masanduku, nikayaunga kwa mistari, nikachapisha kwa rangi. Sanduku lake juu kabisa, sisi wengine chini. Aliutazama akiwa amesimama, maana ofisini kwake hakukuwa na kiti. Alisema kiti humfanya mtu adhani amefika. Kisha akaomba mkasi. Alikata sanduku lake, akalitia kwenye mkoba, akaagiza karatasi ibandikwe ukutani hivyohivyo na tundu lake. Kupitia tundu hilo ulionekana ukuta wa kijani. Wageni walituuliza kama panya wa hapa wanapenda sana wakubwa.

“Haya, lipangieni hilo tundu,” alisema. “Mimi nimeshatoka.”

Alikuwa hajatoka hata kidogo. Lakini kuanzia siku hiyo kila mtu alitakiwa awe na kivuli chake, yaani mwenzake anayejifunza kazi yake mpaka aweze kuifanya bila yeye. Mimi nilipewa kivuli wiki hiyohiyo, nikaambiwa kazi yangu ya kwanza ni kumfundisha atakayenitoa. Nilipinga. Nilisema mtu hawezi kupenda kazi ambayo kila asubuhi inamwonyesha mlango. Alisikiliza vizuri, akaninunulia chai, na asifute chochote. Kivuli cha dereva alikuwa mhasibu, mtu mpole aliyekuwa hajawahi kushika usukani. Siku ya jaribio alituingiza kwenye mtaro nje kidogo ya Bunda kwa mwendo wa kutembea kwa miguu, akashuka, akatuomba radhi mmoja mmoja. Mkurugenzi alikubali kwamba vivuli vingine viandaliwe upya.

Pale ambapo kichwa chake kilinishangaza kweli ni Butiama, kwenye jambo la mama mkwe.

Magesa alioa kijiji kilekile, na mama mkwe wake alikuwa na ng'ombe. Kwa desturi ya kwao, mwanamume hamkaribii mama mkwe wala hamtazami usoni, sembuse kumwambia maziwa yake yana maji. Kwa hiyo mama huyo alipofika kituoni, Magesa aligeukia ukuta, akasalimia huku anautazama huo ukuta, na dumu likapita bila kupimwa. Kwa muda hakuna aliyeona tatizo. Kisha majirani wakaona nafasi. Mwenye maziwa ya wasiwasi aliyapeleka kwa mama mkwe ayafikishe. Kufikia masika, ng'ombe wa yule mama, ambao kila mtu aliwajua kwa mbavu zao, walikuwa wanatoa maziwa kuliko kitongoji kizima, na mgando wetu ungeweza kuunywa kwa mrija.

Niliandaa semina. Niliandika utaratibu wa upimaji, hatua kwa hatua. Magesa alihudhuria, akauliza maswali mazuri, akakubali yote, na asubuhi mama mkwe alipotokea akageukia ukuta. Nilitaka apewe barua ya onyo. Mkurugenzi akaniuliza barua hiyo itamwonya Magesa au itawaonya Wazanaki wote na majirani zao.

Alichofanya ni kuwabadilisha watu. Magesa alipelekwa Bunda kwenye tangi, ambalo halina ukwe na mtu. Butiama akapelekwa Nyangeta, msichana wa Bunda aliyekuwa akisimamia tangi, hana shangazi kule, hana mchumba, hana hata rafiki. Siku ya kwanza alichukua kipimo, kile kijiti cha kioo kinachoelea kwenye maziwa halisi na kuzama kwenye yaliyotiwa maji, akakitumbukiza kwenye dumu la mama mkwe wa Magesa. Kilizama mpaka shingoni. Nyangeta akamrudishia dumu kwa mikono miwili, kwa heshima zote, akamtakia siku njema. Wiki haikuisha ng'ombe wa yule mama walirudia wembamba wao.

Mkurugenzi akaongeza jambo moja: kila anayepokea maziwa Butiama aje mara kwa mara kuuza dukani Nyasho, asikie kwa masikio yake wateja wanavyosema. Sikubishana naye, jambo ambalo lilimtia wasiwasi. Ndipo nikamuuliza itakuwaje siku Nyangeta akiolewa Butiama. Akasema siku hiyo atamhamisha kabla wapambe hawajavua suti.

Usidhani alikuwa mtu wa msimamo mmoja. Alituhubiria tuamue wenyewe, kisha akaikataa rangi ya vikombe tuliyoichagua. Alikufa kila msimu, na katikati ya vifo hivyo alikuwa akipiga simu dukani kwa namba ya jirani, akibana pua, akijifanya mteja. Tatizo lake alimaliza kila simu kwa kusema, “Haya, na mlango wa friji ufungwe.” Nyangeta, zamu yake ya duka ikifika, alimjibu bila kucheka: “Asante mteja. Marehemu tutamfikishia salamu zako.”

Nilimwambia wazi kwamba mazoezi yake ni mchezo wa kuigiza. Maiti anayejua siku ya kufufuka hajafa, na sisi tunaojua siku hiyo tunaweka maamuzi magumu kiporo mpaka Jumamosi. Alinung'unika. Kifo kilichofuata hakikuwa na tarehe ya mwisho.

Lakini palikuwa na mahali ambapo hakuna aliyethubutu kumgusa, napo ni kwa mwanawe wa kwanza. Alirudi kutoka Mwanza akiwa na viatu vya ncha na tabasamu la kweli, na Mkurugenzi, mama yake, akamleta kwenye kikao kama mtu ambaye tundu la ukutani limekatwa kwa vipimo vyake. Alikuwa kijana mwema. Hakuna mtu Musoma aliyewahi kumwomba jambo akanyimwa, na hilo ndilo lililonitia hofu. Sisi sote tulipitia kivuli, tulipitia zamu za duka, tulihamishwa vituo. Yeye alipangiwa kuanzia juu.

Nikanyoosha mkono.

“Mama, na huyu anapimwa na nani?”

“Anapimwa nini? Huyu ni mwanangu.”

“Ndiyo maana nauliza.”

Kisha Nyangeta, bila kuinua macho, akasema taratibu kama anayezungumza na kalamu yake: “Magesa naye alikuwaga anageukia ukuta.”

Mkurugenzi alikunja kitenge chake polepole, akasema kikao kimekwisha. Kwa siku nyingi hakunisemesha. Kwa mama lishe alikuwa akiagiza sato kama kawaida, na kile kichwa tulichozoea kula pamoja alikimaliza peke yake mbele yangu, ananitazama.

Kiangazi kilipoanza akafa tena. Safari hii hakumtaja wa kushika nafasi yake, na alisema tutamwona mvua zikinyesha. Mwanawe alidhani ni yeye. Nyangeta hakudhani lolote, alikwenda Butiama kupima.

Ndipo shule moja ya bweni ilipotutaka tuwapelekee mgando kila siku. Mwana wa Mkurugenzi alikubali palepale, akapeana nao mikono. Lakini ilikuwa kiangazi, ng'ombe wamekauka, maziwa machache, na watu walikuwa wameanza tena kuyasaidia kwa maji ya bomba. Akampigia Nyangeta apokee kila dumu linalokuja. Nyangeta akasema hapana. Akampigia tena kwa sauti ya mkubwa. Nyangeta akasema hapana, shikamoo.

Tulikuwa ofisini Nyasho, yeye na mimi. Kama angemlazimisha, mgando ungekuwa maji na wateja wetu wote wa mkakati ule wangekwenda. Kama asingemlazimisha, angerudi shuleni kumeza neno lake. Akatoa simu nyingine. Mkurugenzi alikuwa na namba ambayo ni watoto wake tu waliijua, na hiyo, kumbe, marehemu hakuizima. Akaiweka kwa sauti kubwa ili nami nisikie.

“Mama, kuna tatizo Butiama.”

“Nani mwenzangu?”

“Mimi, mwanao.”

Tulisikia kuku wake wa Kamunyonge wakigombana.

“Pole sana na msiba, mwanangu,” alisema, akakata.

Kijana alicheka. Kisha akaacha kucheka, akatazama lile tundu la ukutani kwa muda, akaniambia twende.

Butiama tulikuta watu wamemzunguka Nyangeta wanalalamika. Aliyekuwa mbele na dumu lake ni mjomba wa kijana mwenyewe, kaka wa tumbo moja wa Mkurugenzi. Mzee alipomwona alifurahi sana.

“Afadhali umekuja, mjomba. Huyu binti hanijui. Mwambie mimi ni nani.”

Nyangeta hakubishana. Alitumbukiza kipimo mbele yetu sote, kikazama. Kijana akakitazama kipimo, akamtazama mjomba wake, na hapo, bila kukusudia, akageuza uso. Mbele yake ulikuwa ukuta. Ulikuwa ni ukuta uleule wa Magesa, umechakaa kidogo kwa kusalimiwa. Nilimwona mabega yanatikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka.

“Endelea, Nyangeta,” alisema bila kugeuka. Kisha akageuka, akamshika mjomba wake mkono, akampa lifti mpaka kwake pamoja na dumu lake. Siku hiyohiyo alikwenda shuleni kuwaambia kwamba tutaweza nusu tu ya tulichoahidi. Walimnunia. Aliniambia baadaye kwamba njia nzima ya kurudi alikuwa anajisikia homa.

Mvua ziliponyesha Mkurugenzi alifufuka, akaita kikao. Mwanawe alisimama kabla yeye hajafungua mdomo.

“Mama, mimi watu wakininunia sili. Niache nikauze, huko wananipenda. Kule juu weka mtu anayeweza kukataa.”

Hakumtaja mtu, na hakukuwa na haja. Safari hii Mkurugenzi hakuigiza. Alifungua mkoba, akatoa lile sanduku nililolichora, limechakaa, lina harufu ya karanga, akampa Nyangeta. Nyangeta alilipokea kwa mikono miwili. Akaenda nalo ukutani, akalitazama, akalitazama tundu, kisha sanduku akalitia mfukoni. Alisema tundu atalihitaji, maana naye iko siku atatoka.

Ukoo ulikuja Kamunyonge kulalamika. Mzungumzaji wao alikuwa yule mjomba wa dumu. Waliuliza inakuwaje kampuni apewe binti wa Bunda asiye na mtu wake hata mmoja Butiama. Mkurugenzi aliwapa chai, akasema hiyo ndiyo sifa iliyomvutia.

Mpaka leo sijui kama alikipanga kifo kile kwa ajili ya mwanawe au alikuwa amenuna tu na mambo yakajipanga. Nilimuuliza zaidi ya mara moja. Kila mara alinijibu tofauti, na kila jibu lilikuwa zuri.

Mimi niliondoka baadaye. Kivuli changu kilikuwa tayari, na wala hakuna aliyesema subiri Chuo aje, jambo lililoniuma kuliko nilivyotegemea. Majuzi nilipita Musoma, nikaenda kumsalimia. Anatembea kwa fimbo sasa. Hajaenda kazini tangu alipokabidhi, kwa sababu Nyangeta alimwomba asije, na alimwomba kwa heshima zote kama anavyorudisha madumu. Nyangeta mwenyewe aliolewa Butiama, na siku hiyohiyo alijihamishia Bunda.

Mkurugenzi akasema anataka mgando. Alijifunga kitenge kichwani mpaka karibu na macho, tukaenda Nyasho.

Dukani palikuwa na foleni na msichana nisiyemjua. Naye hakutujua. Mkurugenzi alinunua kikombe, akala kijiko kimoja palepale kaunta, akakunja uso.

“Mgando huu una maji. Nibadilishie.”

Nilimtazama yule msichana. Nilijua Mkurugenzi anasubiri sentensi gani, na nilijua itamuumiza kiasi gani akiisikia.

“Nataka kuongea na mkubwa wako,” akaongeza.

“Mkubwa yuko Bunda, bibi. Niambie mimi.” Msichana alichukua kijiko kisafi, akakisimamisha katikati ya kikombe. Kikasimama. “Huu mzuri. Sibadilishi.”

“Wewe binti, unanijua mimi ni nani?”

“Shikamoo bibi,” msichana akasema. “Hata ungekuwa mama mkwe wangu. Anayefuata.”

Nyuma yetu watu wakasogea. Tulitoka, tukakaa kwenye benchi la nje. Mkurugenzi alishika fimbo kwa mkono mmoja na kikombe kwa mkono mwingine.

“Safari hii nimekufa kweli, Chuo,” akasema.

“Pole sana na msiba,” nikamwambia.

Alinipiga na fimbo, siyo kwa nguvu. Kisha akaula ule mgando wenye maji mpaka akakwangua pembe za kikombe. Alipomaliza akainuka, akafungua kitenge usoni, akaelekea mlangoni. Nilidhani anakwenda kujitambulisha, nikamfuata nimzuie.

Alikuwa amesimama mwisho wa foleni.